Lethi mpya ndogo au ya zamani nzito? Jibu kwa mkuu anayetafuta ya kwanza

Swali lenyewe lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Fundi, nina karakana ndogo nyumbani, nachomelea na kukarabati vitu vya watu, nimechoka kupeleka kila bushi kwa mtu mwingine akanikerezee. Nataka lethi, mashine ya kukereza, yangu ya kwanza. Kazi zangu ni bushi, pini, shafti fupi na kukata thredi mara mojamoja. Kuna mbili mbele yangu. Moja mpya ya kuweka mezani, kilo 40 hivi. Nyingine ya miaka ya 1960, chuma kitupu, mota ya fezi tatu, imepigwa rangi upya inang'aa. Nichukue ipi?"

Mkuu, ungesema hiyo ya zamani imejaa grisi nyeusi na vumbi ningekujibu kwa sentensi mbili. Hiyo rangi inayong'aa ndo imenifanya niandike marefu.

Jibu kwanza halafu maelezo. Kama mwenye nayo atakuruhusu uiwashe na uipime, na ikapita vipimo ntakavyokupa hapa chini, chukua ya zamani. Kama anakwambia njoo na hela tu, umeme hamna, ipo stoo imefunikwa, chukua mpya ndogo na ukae nayo ukijua mipaka yake. Kwenye lethi unanunua vitu viwili, bedi (lile tako refu lenye reli) na spindo (mhimili unaozungusha kazi). Vingine vyote, nati iliyolika, mkanda, mota, hendeli iliyovunjika, utabadilisha taratibu na vingine utavikereza mwenyewe kwa lethi hiyohiyo. Bedi iliyolika huitengenezi nyumbani, inataka kusagwa upya kwenye mashine kubwa kuliko yenyewe, na gharama yake mara nyingi inakaribia bei ya kutafuta lethi nyingine.

Kabla hata ya kwenda kuangalia mashine, kaa na venia (kipimo cha kutelezesha cha milimita) upime kazi zako. Nasema kweli, kusanya shafti na pini zote ulizopeleka kukerezwa mwaka huu, andika kipenyo na urefu. Watu wengi wanauliza lethi inazungusha kipande kikubwa kiasi gani, wanasahau kuuliza shimo la spindo lina milimita ngapi, na shimo ndo linakukwamisha kila wiki. Hizi ndogo za mezani nyingi zinazungusha kipenyo cha milimita 180 juu ya bedi, zina urefu wa milimita 300 hadi 350 kati ya senta na senta (zile ncha mbili zinazoshika shafti huku na huku), na shimo la milimita 20. Ukiwa na shafti ya 25 yenye urefu wa nusu mita, haipiti ndani ya spindo na haienei kati ya senta, umekwama. Na usijiliwaze kwamba za zamani zote zina shimo kubwa, kuna Myford za Uingereza zinazopendwa sana na mafundi wa nyumbani, mashine nzuri kabisa, lakini shimo lake ni kama milimita 15 tu. Kwa hiyo pima, usikadirie kwa macho.

Sasa uzito. Lethi inakata kwa kusukumana, kisu kinasukuma chuma, chuma kinasukuma kisu, na yule mwepesi ndo anakubali kupinda. Kwenye ile ya kilo 40 unaweza kukereza aluminiamu na brasi ukafurahi, chuma cha kawaida pia utakereza ila kwa kupunguza kidogo kidogo. Siku utakayoweka kisu chembamba cha kukatia kipande kitoke, hapo ndo utaielewa, inaanza kulia nyiiii, meza inatetemeka, na ukiangalia sehemu uliyokata unaona mawimbi kama mchanga wa ufukweni. Unaweza kupunguza hilo, ukaifunga kwenye meza ya chuma nene, ukabana gibu zote (vibanzi vya kuondoa mchezo kwenye sehemu zinazoteleza), ukachomoza kisu kidogo tu, inasaidia. Ila kilo 200 au 300 za chuma cha kumimina chini ya kisu hazina mbadala.

Twende kwenye hiyo ya rangi.

Mi yangu ya kwanza nilinunua kwa macho. Ilikuwa kijani, imepigwa rangi mpaka kwenye vichwa vya bolti (hiyo peke yake ilitakiwa inistue), muuzaji akaiwasha ikazunguka bila kelele, nikalipa. Kazi ya kwanza ilikuwa bushi ndefu ya brasi ya kuingia kwenye bomba la chuma. Nikakereza, nikapima mwisho wa nje, safi, nikaenda kuiingiza, ikaingia vizuri mpaka nusu ikagoma. Nikadhani kuna uchafu ndani ya bomba. Nikasafisha, ikagoma palepale. Nilipokuja kupima kwa mikromita sehemu mbili nikakuta ule upande uliokuwa karibu na chaki (kile kishikio chenye meno kinachobana kazi kwenye spindo) ni mnene kwa 0.12 ya milimita. Nikahangaika siku tatu kuweka vibati chini ya miguu ya mashine, nikipandisha huku nikishusha kule, kumbe bedi imekwisha.

Kwa nini upande wa chaki? Kwa sababu karibu kazi zote za miaka yote zinafanyika hapo, sentimita 20 au 30 za kwanza mbele ya chaki. Keriji, ile sehemu inayobeba kisu juu ya reli, inakwenda na kurudi palepale, na vumbi la chuma limo katikati linasaga. Reli ya mbele inalika kuliko ya nyuma, keriji inainama kuelekea kwako, kisu kinarudi nyuma kidogo, kipenyo kinaongezeka. Upande wa telistoki (kile kishikilio cha mwisho wa pili, mkabala na chaki) kwenye bedi hiyohiyo unakuta kama mpya.

Na hapo ndo unaikamatia. Sogeza keriji mpaka karibu na chaki, kaza ile bolti ya kuifungia pale ilipo, kidogo kidogo, mpaka ukizungusha hendeli unasikia uzito ila bado inatembea. Sasa ipeleke taratibu kuelekea telistoki. Bedi ambayo haijalika itakupa uzito uleule njia nzima, au itabadilika kidogo sana. Bedi iliyolika, keriji inakwenda inakuwa nzito, nzito, halafu inakwama kabisa katikati ya safari, maana uliikaza kwenye sehemu nyembamba na sasa imefika kwenye sehemu nene. Kipimo hiki hakitaki umeme wala chombo chochote, na rangi haiwezi kukificha. Ongezea na ukucha: pitisha ukucha kwa kukatisha reli ya mbele, karibu na chaki, pale panapoishia sehemu ambayo keriji inagusa. Ukucha ukinasa kwenye kingo kama ngazi ndogo, hiyo ngazi ndo kiasi cha chuma kilichoondoka.

Spindo unaipima na daili geji (kile kipimo cha mshale cha kuonyesha mchezo mdogo), kama huna azima, stendi yake ya sumaku pia. Simamisha ncha ya geji kwenye pua ya spindo yenyewe, usiweke kwenye chaki maana chaki ina makosa yake, bana kipande cha bomba kwenye chaki kiwe kama mtaimbo, kisha nyanyua kwenda juu kwa nguvu ya mkono mmoja. Mshale ukisogea 0.01 au 0.02 ya milimita niko sawa. Ukivuka 0.03 uliza beringi zinakazwa vipi kwenye mashine hiyo, maana nyingi zina nati ya kukaza, na inawezekana ni kulegea tu. Ikikazwa bado inacheza, hesabu bei ya beringi za spindo kabla hujakubaliana bei, hizo si beringi za kuokota dukani na ukiweka za kawaida utasikitika. Kisha iache izunguke nusu saa kwa kasi ya juu, weka kiganja kwenye hedi, lile boksi linaloshika spindo. Uvuguvugu ni kawaida, ukishindwa kuacha mkono hapo kuna shida.

Kama atakubali ukate kitu, nenda na kipande cha chuma cha milimita 30 unene. Bana kwenye chaki kichomoze kama milimita 150 bila kukishikilia na telistoki. Punguza katikati ili vibaki viringi viwili, kimoja karibu na chaki kimoja mwishoni, halafu pitisha kisu kikali, kata nyembamba sana, kwenye viringi vyote viwili bila kugusa hendeli ya krosi slaidi (ile inayoingiza na kutoa kisu). Pima. Tofauti ya 0.02 kwa lethi iliyokaa sakafuni bila kupimwa na pimamaji si ya kukukimbiza, bedi ikipinda kidogo kwa sababu ya mguu mmoja kuelea inatoa hivyohivyo na utairekebisha ukiifunga kwako. Cha mwishoni kikiwa kinene kidogo kuliko cha karibu na chaki inaweza pia kuwa chuma chenyewe kimepinda kukikimbia kisu, ndo maana nimesema ukate nyembamba. Kikiwa kinene sana upande wa chaki, na keriji ilikwama kwenye kile kipimo cha kwanza, mshukuru mwenye nayo, uondoke.

Kuna vitu watu wanaviogopa bure. Hendeli ya krosi slaidi kucheza robo raundi kabla haijasukuma, hilo ni la kawaida kwa mashine iliyofanya kazi, unazoea kuondoa mchezo kwa kusukuma kutoka upande mmoja siku zote, ukija kuchoka unabadilisha nati. Chaki ya meno matatu kutoa kipande kinachoyumba 0.08 hivi, kawaida pia, zimeumbwa hivyo. Kazi inayotaka kuzunguka kwenye kitovu kabisa inabanwa kwenye chaki ya meno manne yanayojitegemea, na hiyo ukiizoea unaiseti na daili geji mpaka 0.01 ndani ya dakika chache. Kwa hiyo ukiambiwa chaki ya meno manne ipo lakini "haitumikagi", ichukue kwa mikono miwili.

Vya kuogopa ni gia. Fungua kifuniko cha hedi na cha ubavuni, zungusha kwa mkono, hesabu meno yaliyovunjika. Angalia hasa ile gia ya kupunguza kasi, watu wana tabia ya kuifunga ili izuie spindo wakati wanagonga chaki iliyogoma kufunguka, na jino linaondoka. Halafu uliza gia za kubadilisha ziko wapi. Bila hizo hukati thredi, na za mashine ya miaka 60 hupati zote kwa urahisi.

Na kwenye thredi kuna mtego mwingine. Mashine nyingi za zamani za Uingereza na Marekani lidiskruu zake (skrubu ndefu inayoburuta keriji wakati wa kukata thredi) ni za inchi, kwa mfano thredi 8 kwa kila inchi, we kazi zako za sasa karibu zote ni milimita. Inchi 5 ni milimita 127 kamili, na 127 haigawanyiki kwa namba nyingine, kwa hiyo ili kukata thredi za milimita bila kosa unahitaji gia ya meno 127. Ni gia kubwa na mashine nyingine haina nafasi ya kuiweka. Wajanja wanatumia ya meno 63 badala yake, kosa lake ni kama milimita 0.0125 kwenye urefu wa milimita 100, kwa bolti na nati hutakaa ulijue. Ila kumbuka ukikata thredi za milimita kwa lidiskruu ya inchi, usifungue ile nati ya kushika lidiskruu mpaka umalize. Unatoa kisu nje, unazungusha mashine kinyume irudi mwanzo, unaingiza tena. Hapo sasa angalia chaki imefungwaje kwenye spindo. Kama imefungwa kwa thredi, ukirudisha kinyume kwa kasi inaweza kujifungua yenyewe na chaki ya kilo 10 ikitua kwenye bedi inazunguka utakumbuka maneno yangu, kwa hiyo unarudisha polepole. Zile zinazofungwa kwa pini za kamu hazina tatizo hilo, ukipata ya hivyo iongezee alama.

Fezi tatu isikukimbize. Soma kibati cha mota. Kikisema 230/400 maana yake mota inaweza kufungwa kwa delta (namna moja ya kuunganisha nyaya zake, nyingine ni nyota) ikatumia volti 230, na inveta ndogo inayochukua fezi moja ya nyumbani na kutoa fezi tatu itaiendesha vizuri, tena unapata kupunguza na kuongeza kasi kwa kitufe. Mota nyingine za zamani zimefungwa nyota moja kwa moja ndani, nyaya tatu tu zinatoka, inabidi fundi wa mota aifungue azitoe zote sita. Kikisema 400/690, delta yake yenyewe inataka 400, inveta hiyo ya 230 haitaitosha, jiandae kwa mota nyingine. Mambo mawili usikosee: swichi za zamani za mashine usiziache kati ya inveta na mota, unaweza kuiua inveta ukikata mota inazunguka, swichi unaziunganisha kwenye vituo vya kuiamrisha inveta. Na usitegemee inveta peke yake kwa kasi ndogo, nguvu inapungua na feni ya mota inazunguka pole hivyo inachemka, tumia gia.

Kasi ndogo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kisu cha haispidi (chuma kigumu cha visu unachonoa mwenyewe) kwenye chuma cha kawaida kinataka kama mita 25 kwa dakika. Shafti ya milimita 20 hiyo ni raundi 400 hivi, ila kipande cha milimita 100 ni raundi 80 tu, na thredi ukiwa mgeni utataka chini ya hapo. Hizi ndogo za mezani zinaandikwa raundi 50 mpaka 2500, ni kweli zinazunguka 50, lakini nyingi zikiwa 50 unazisimamisha kwa kisu kikipata chuma kidogo tu. Kama utaenda na mpya, uliza kama ina gia ya kupunguza kasi au ni elektroniki tupu.

Upande wa bajeti ntasema kifupi, usimalize hela yote kwenye mashine. Chaki ya meno manne, visu, jiwe la kunolea, chaki ya drili ya telistoki, senta inayozunguka, mikromita ya 0 hadi 25, daili geji, vikijumlishwa vinaweza kukaribia nusu ya bei ya lethi. Anza na visu vya haispidi ujifunze kunoa, kabaidi (ile ncha ngumu zaidi ya kisu) inataka kasi ambayo hiyo ya zamani pengine haina na ugumu ambao hiyo ndogo hakika haina.

Usafiri pia. Lethi ni nzito upande wa hedi na juu, inataka kuanguka. Sogeza keriji na telistoki vyote viende mwisho ulio mbali na hedi ili kusawazisha, pitisha mkanda chini ya bedi, na kamwe usiiinue kwa kushika lidiskruu, ikipinda hiyo umenunua matatizo. Nimeona ikibebwa hivyo na watu sita huku mwenyewe anapiga picha.

Na kwa kuwa unafanya shafti, kuna moja lazima niseme. Shafti ndefu nyembamba ikichomoza nyuma ya hedi bila kushikiliwa, ukiwasha kwa kasi inapinda ghafla na kuanza kuchapa kama fimbo, na haichagui anayepita. Isizidi kuchomoza sana, au iwekee kishikio. Glovu vua, mikono ya shati kunja, kitambaa usishike karibu na kitu kinachozunguka, na ufunguo wa chaki usiuache kwenye chaki hata kwa sekunde unayokwenda kuchukua mikromita. Mi najiwekea kwamba ufunguo ukiwa kwenye chaki mkono wangu lazima uwe juu yake.

Kwa hiyo nenda na kipande chako cha chuma, venia, daili geji ya kuazima na ukucha wako. Anza na keriji kabla hata hajawasha. Ukipata zile namba, ya spindo na za viringi viwili, pamoja na maandishi ya kwenye kibati cha mota, nitumie niziangalie kabla hujatoa hela.